Asilimia mia ya ulemavu haitoshi kumlinda mjane: SBP na DIC kwa wastaafu wa jeshi la Marekani

Siku mstaafu wa jeshi la Marekani mwenye ulemavu anapofariki, fedha za aina mbili hukatika kwa pamoja. Pensheni yake ya kijeshi inakoma siku hiyohiyo. Fidia ya ulemavu aliyokuwa akilipwa na Idara ya Maveterani, yaani VA, ambayo hupima ulemavu kwa asilimia mpaka mia, nayo inakoma. Ukiacha malipo ya mwezi wa kifo, hakuna hata dola moja katika hizo inayomfuata mke kwa sababu tu alikuwa mke. Tena pensheni ikiwa imeingia benki baada ya kifo, DFAS, ofisi inayolipa pensheni za kijeshi, huivuta fedha hiyo kutoka kwenye akaunti, inapiga hesabu ya siku ambazo marehemu alikuwa hai mwezi huo, kisha inarudisha kile kinachostahili. Mjane ambaye hajaambiwa jambo hili mapema huamka matanga hayajaisha, akakuta akaunti imepungua na hajui kwa nini.

Nitasema "mke" na "mjane" mara nyingi humu, lakini sheria ni ileile kwa mume aliyefiwa na mke askari.

Jambo hili liko karibu na sisi kuliko tunavyodhani. Wapo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Waganda waliovaa sare ya Marekani. Kuanzia mwaka 2009 mpango wa MAVNI uliandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika jeshini, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Waliojiunga wakati ule na wakabaki wanakaribia miaka 20 ya utumishi. Wengine wamekwisha kustaafishwa mapema kwa majeraha ya mgongo, magoti, masikio na akili. Kila mmoja wao hufika kwenye meza moja, mbele ya fomu moja, na kutakiwa aamue: akifa leo, nani atalipwa, na kiasi gani?

Na hapo ndipo ushauri wa vijiweni kuhusu SBP, mpango wa jeshi wa kumlipa mjane sehemu ya pensheni, unapoingia. Utasikia: "Ukishapata asilimia mia ya VA, SBP ya nini tena? Mama watoto atalipwa na VA. Usiwape jeshi hela yako bure." Miaka michache iliyopita maneno hayo yalikuwa na hesabu nyuma yake. Leo hesabu hiyo imekufa, ila maneno bado yanatembea, na anayelipia gharama yake ni mtu ambaye mara nyingi hakuwepo yakisemwa.

Vyungu viwili, si kimoja

Ukitaka kuelewa, anza kwa kutenganisha vyungu viwili vilivyo katika jiko mbili tofauti.

Chungu cha kwanza ni SBP, mpango wa mafao ya warithi wa jeshi ulioanzishwa kwa sheria ya Septemba 1972. Huu mstaafu anauchangia. Anachagua kiwango cha pensheni anachotaka kukikinga, na kiwango cha juu ni pensheni yote kabla ya makato. Kila mwezi anakatwa asilimia 6.5 ya kiwango hicho. Akifariki, mke analipwa asilimia 55 ya kiwango hicho kila mwezi mpaka naye afe, na malipo hupandishwa kufuatana na gharama za maisha. Haijalishi mstaafu amekufa kwa nini. Saratani, ajali ya barabarani, uzee, vyote ni sawa. Hakuna daktari anayempima kabla ya kumkubali, na hakuna anayemuuliza kama anavuta sigara au ana kisukari. Kwa mtu mwenye ulemavu hilo peke yake lina thamani kubwa, maana kampuni za bima ya maisha humuuliza yote hayo, na mara nyingi jibu lake huwa ni hapana au ni bei isiyolipika.

Chungu cha pili ni DIC, fidia ya VA kwa wategemezi. Huu mstaafu hauchangii. Ni malipo ambayo serikali humlipa mjane kwa sababu utumishi wa jeshi ndio uliomuua mumewe, au kwa sababu mumewe alikuwa na ulemavu kamili kwa muda mrefu kabla ya kufa. Kwa mwaka 2025 kiwango cha msingi kilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi. Cheo hakihesabiki kwa vifo vya miaka hii, kwa hiyo mjane wa koplo na mjane wa kanali hupata kiwango kilekile cha msingi. DIC haitozwi kodi ya mapato. SBP inatozwa.

Sasa sikiliza vizuri neno "kwa muda mrefu", kwa sababu wengi huteleza hapo. Kuwa na asilimia mia kwenye barua ya VA hakumpi mke DIC moja kwa moja. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kifo chenyewe kiwe kimetokana na ugonjwa au jeraha la utumishi, na VA ikubali hivyo. Ya pili, kama kifo hakihusiani na utumishi, mstaafu awe alihesabiwa kuwa na ulemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufa, au kwa miaka isiyopungua 5 mfululizo tangu siku alipoachiwa na jeshi. Kwa aliyewahi kuwa mateka wa vita, mwaka mmoja unatosha.

Chukua mtu aliyestaafu mwaka 2016, akapewa asilimia mia mwaka 2021 baada ya rufaa, akafa kwa ajali ya gari mwaka 2025. Anazo asilimia mia, anayo barua, ana kitambulisho. Lakini miaka 10 haijatimia, na njia ya miaka 5 haimfai kwa sababu asilimia mia haikuanza siku alipotoka jeshini. Ajali haikutokana na utumishi. Mjane wake hapati DIC. Kama hakuwa na SBP, hapati chochote cha kila mwezi kutoka kwenye vyungu vyote viwili. Familia nyingi hazilijui hili, na ningetamani lingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila fomu ya kustaafu.

Ushauri mbaya ulitoka wapi

Ushauri wa vijiweni haukuzuka hewani. Kwa miongo mingi sheria ilisema hivi: mjane anayestahili SBP na DIC kwa pamoja, SBP yake ipunguzwe dola kwa dola kwa kiasi cha DIC. Wajane waliuita mpango huo kodi ya mjane. Mume amekatwa makato miaka 25, anafariki kwa ugonjwa alioupata vitani, mjane anafika dirishani, anaambiwa: tutakupa DIC, na kwa kuwa tumekupa DIC, SBP tunaichukua. Kama SBP ilikuwa ndogo kuliko DIC, ilifutika yote. Alirudishiwa makato yaliyolipwa, bila riba.

Kwa hiyo sajenti mwenye pensheni ndogo na maradhi makubwa alipiga hesabu yake akaona: nitakufa kwa hiki kifua kilichoharibiwa kule, mke wangu atapata DIC, SBP itafutwa, basi ninakatwa kwa ajili ya nini? Alikuwa sahihi. Na sheria yenyewe ilimfungulia mlango: mstaafu aliyehesabiwa na VA kuwa na ulemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo, au miaka 5 mfululizo tangu aachiliwe jeshini, anaruhusiwa kujitoa kwenye SBP. Angalia miaka hiyo. Ni ileile ya DIC. Mlango ulitengenezwa makusudi kwa mtu ambaye mkewe alikuwa na uhakika wa DIC, yaani mtu ambaye SBP yake ingefutwa hata hivyo.

Wajane wa jeshi, wakiongozwa na chama chao cha Gold Star Wives, walipigania jambo hili kwa miaka mingi kwenye kumbi za Kongresi. Mwaka 2019 maseneta Doug Jones wa Alabama na Susan Collins wa Maine waliusimamia mswada wa kufuta makato hayo, na hatimaye ukaingizwa ndani ya sheria ya ulinzi iliyotiwa saini tarehe 20 Desemba 2019. Mabadiliko yalikuja kwa ngazi. Mwaka 2020 hakuna kilichobadilika. Mwaka 2021 SBP ilipunguzwa kwa theluthi mbili tu ya DIC. Mwaka 2022 kwa theluthi moja. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023 hakuna kupunguza tena. Anayestahili vyote viwili analipwa vyote viwili, kamili.

Mlango wa kujitoa, hata hivyo, haukufungwa. Bado upo wazi mpaka leo, na wapo wanaoupita kwa kufuata hesabu ya mwaka 2015.

Hesabu yenyewe

Tuchukue sajenti wa kubuni aliyetumikia zaidi ya miaka 20. Pensheni yake ni dola 2,000 kwa mwezi kabla ya makato. VA imempa asilimia mia, na kwa kuwa ana mke, kwa viwango vya 2025 anapata dola 4,044.91. Kwa kuwa ana miaka 20 ya utumishi na ulemavu wa asilimia 50 au zaidi, sheria inamruhusu kula vyote viwili bila kimoja kukila kingine. Nyumba inaingiza dola 6,044.91. Wanalipa mkopo wa nyumba, wanasomesha, wanatuma kidogo kwa mama kijijini.

Anafariki kwa ugonjwa wa utumishi. Bila SBP, mjane anabaki na DIC, dola 1,653.07. Hiyo ni kama asilimia 27 ya kilichokuwa kikiingia jana. Mkopo wa nyumba haukupungua kwa asilimia 73.

Akiwa na SBP kamili, mume amekuwa akikatwa dola 130 kwa mwezi. Mjane anaongezewa dola 1,100. Jumla dola 2,753.07. Bado ni chini ya nusu, lakini ni tofauti kati ya kubaki kwenye nyumba na kuhama.

Kuna nyongeza moja ambayo wengi hawaidai kwa sababu hawajui ipo. Kama marehemu alikuwa na ulemavu kamili kwa miaka 8 mfululizo kabla ya kufa, na mke aliyeachwa alikuwa ameolewa naye miaka hiyohiyo 8 yote, DIC huongezwa. Kwa 2025 nyongeza ilikuwa dola 351.02. Mjane wetu anafika dola 3,104.09, zaidi kidogo ya nusu ya kilichokuwa kikiingia.

Sasa gharama. Makato ya SBP yana mwisho: mstaafu akishalipa miezi 360 na kufikisha umri wa miaka 70, anaacha kukatwa na kinga inaendelea. Tukiacha ongezeko la gharama za maisha pembeni, dola 130 mara miezi 360 ni dola 46,800. Mjane anayelipwa dola 1,100 kwa mwezi hurudisha kiasi hicho chote ndani ya miezi 43. Akiishi miaka 20 baada ya mumewe, jambo la kawaida kabisa wake wakiwa wadogo kiumri, basi fanya hesabu mwenyewe.

Sisemi SBP ni lazima kwa kila mtu. Mke akitangulia kufa, makato yaliyokwisha kulipwa hayarudi. Mke mwenye pensheni yake nzuri, mathalani muuguzi aliyefanya kazi miaka 30, anaweza kuona hana haja nayo. Kuna wanandoa ambao mke ni mgonjwa zaidi kuliko mume. Hao wana sababu. Nisichoweza kukikubali ni mtu kujitoa kwa sababu ya kanuni iliyokwisha kufutwa.

Na aliyejitoa kwa mlango wa ulemavu kamili ajue masharti yake. Mke lazima akubali kwa maandishi. Mstaafu harudishiwi makato akiwa hai; hurudishwa kwa mjane baada ya kifo. VA ikija kupunguza ulemavu wake ukawa chini ya kamili, ana mwaka mmoja wa kuomba kurudi kwenye mpango. Mwaka mmoja, si miwili.

Upo mlango mwingine wa kutokea, usiohusu ulemavu: kati ya mwezi wa 25 na wa 36 tangu aanze kupokea pensheni, mstaafu yeyote anaweza kujitoa kwa ridhaa ya mkewe. Akishatoka hapo, habari imekwisha. Kongresi iliwahi kufungua dirisha la kuwaruhusu watu kuingia upya, kuanzia Desemba 2022 hadi tarehe 1 Januari 2024, kwa sababu hasa ya mabadiliko haya ya DIC. Limefungwa, na hakuna wa kuahidi litafunguliwa tena.

Waliostaafishwa kabla ya miaka 20

Hapa ndipo pana utata mkubwa kuliko kote, na hapa ndipo walipo vijana wengi wa kwetu.

Askari akiumia kiasi ambacho jeshi linaona hafai tena kwa kazi, na jeshi lenyewe, si VA, likampa asilimia 30 au zaidi, anastaafishwa kwa ulemavu hata kama ametumikia miaka sita. Anapewa pensheni ya kijeshi. Lakini kwa kuwa hana miaka 20, sheria haimruhusu kula pensheni yote pamoja na fidia ya VA. Kila dola ya VA inaondoa dola ya pensheni. Kwa kuwa VA mara nyingi ni kubwa zaidi, na haina kodi, pensheni yake inaishia sifuri. Akifungua taarifa ya DFAS anaona pensheni fulani juu, halafu VA imeifuta yote, halafu malipo: 0.00.

Kijana huyu anahitimisha: sina pensheni, basi sina SBP. Si kweli. SBP haihesabiwi kwenye kile kinachoingia mfukoni. Inahesabiwa kwenye pensheni kabla VA haijaila. Tuseme wastani wa mishahara yake ya juu ulikuwa dola 3,400 na jeshi limempa asilimia 50. Pensheni yake ya karatasini ni dola 1,700. Anaweza kuikinga yote. Mkewe atapata asilimia 55, yaani dola 935 kwa mwezi maisha yake yote, kutokana na pensheni ambayo mumewe hakuwahi kuishika mkononi.

Makato ya asilimia 6.5 yangekuwa dola 110.50. Lakini kwa wanaostaafishwa kwa ulemavu sheria imeacha pia njia ya zamani ya kukokotoa: sehemu ya kwanza ya kiwango, ambayo mpaka wake hupandishwa kila mwaka, hutozwa asilimia 2.5 tu, na inayobaki asilimia 10. Mstaafu hutozwa ile iliyo nafuu. Kwa pensheni ndogo kama hii, njia ya zamani mara nyingi ndiyo inayomfaa. Mhudumu wa dirishani asipokutajia hilo, muulize.

Tatizo linabaki moja: makato yatatoka wapi, kama malipo ni sifuri? Hayatoki yenyewe. Mstaafu anatakiwa kulipa mwenyewe kila mwezi, au kujaza fomu ya kuruhusu makato yatolewe kwenye fidia ya VA. Asipofanya lolote kati ya hayo, deni linaanza kukua kimyakimya pamoja na riba, na siku anapofariki mjane anakuta deni hilo linamsubiri: malipo yake hayaanzi mpaka liishe. Fomu ni ya kurasa chache. Ijazwe mwezi uleule wa kustaafu, si "nikipata nafasi".

Kwa kijana huyu DIC ina hatari na faida. Faida ni kwamba, kama VA ilimpa ulemavu kamili tangu siku alipotoka jeshini na ukadumu, baada ya miaka 5 mkewe ana njia ya kupata DIC hata kifo kikitokana na jambo jingine. Hatari ni kwamba kabla ya hapo, kila kitu kinategemea chanzo cha kifo na ushahidi. Miaka hiyo mitano ya mwanzo ni wakati ambapo watoto ni wadogo, mke bado anatafuta kibali cha kazi, na akiba hakuna. SBP ndiyo inayoziba pengo hilo.

Kwenye miaka hiyo ya mwanzo kuna bima mbili za kuongezea. Aliyetoka jeshini anaweza kuhamisha bima yake ya maisha kwenda ya maveterani, VGLI, na akiomba ndani ya siku 240 tangu kutoka hatoulizwa chochote kuhusu afya. Baada ya siku hizo anaulizwa, na kwa mlemavu hilo linaweza kuwa mwisho wa habari. Tangu Januari 2023 ipo pia VALife kwa wenye ulemavu wa utumishi, hadi dola 40,000, bila maswali ya afya, lakini kinga kamili huanza baada ya miaka miwili. Zote mbili ni msaada. Haziwi badala ya malipo ya kila mwezi yasiyokoma.

Saini ya mke

Kwenye chumba cha kustaafu kuna sheria moja ninayoipenda sana. Mstaafu mwenye mke akikataa SBP, au akichagua kiwango pungufu, au akiwachagulia watoto peke yao, mke lazima asaini kukubali, mbele ya mthibitishaji wa saini. Asiposaini, mpango unaingia wenyewe kwa kiwango cha juu. Kimya hapa kinahesabiwa kuwa ndiyo.

Kwa hiyo akina mama, karatasi hiyo ni yenu. Mume akikuambia "saini hapo, ni karatasi za kawaida za kazini", mwombe kwa heshima akueleze kwanza inasema nini. Nimesikia zaidi ya mara moja, "Baba Fulani aliniambia nisaini, nikasaini." Ukisaini kukataa umeipa serikali ruhusa ya kutokulipa chochote siku utakapohitaji sana.

Talaka nayo ina mtego. Mahakama inaweza kuamuru SBP ibaki kwa mke aliyeachwa, lakini hati ya mahakama ikikaa kabatini haifanyi kazi. DFAS lazima ijulishwe ndani ya mwaka mmoja, ama na mstaafu mwenyewe ama na huyo aliyeachwa akipeleka hati. Mwaka ukipita, haki inaweza kupotea kabisa.

Mstaafu akioa tena, kama alikuwa na kinga ya mke, mke mpya anaingia baada ya ndoa kufikisha mwaka mmoja, isipokuwa mstaafu akatae ndani ya mwaka huo. Aliyekuwa hana mke wala mtoto wakati wa kustaafu akaja kuoa, ana mwaka mmoja tangu ndoa kumwingiza. Wengi wa kwetu huoa baadaye, wakirudi nyumbani kutafuta mchumba, na mwaka huo huisha wakiwa bado wanahangaika na visa.

Na mjane akiolewa tena? Chini ya umri wa miaka 55, SBP inasimama, ingawa ndoa hiyo mpya ikivunjika inaweza kurudi. Baada ya miaka 55 inaendelea. DIC siku hizi ina umri huohuo kwa ndoa zilizofungwa kuanzia tarehe 5 Januari 2021.

Mtoto mwenye ulemavu

Kuwaingiza watoto kwenye SBP pamoja na mama yao hugharimu kidogo sana, na wao hulipwa kama mama hayupo tena au amepoteza haki, mpaka miaka 18, au 22 wakiwa masomoni. Mtoto asiyeweza kujitegemea kwa ulemavu ulioanza utotoni hulipwa maisha yake yote. Lakini malipo hayo yanaweza kumtoa kwenye misaada ya serikali anayoitegemea kwa matibabu na malezi, kwa sababu misaada hiyo hutazama kipato. Tangu Desemba 2014 sheria inaruhusu malipo yaelekezwe kwenye mfuko maalumu wa udhamini ulioandaliwa kisheria kwa ajili yake, ili asipoteze misaada hiyo. Uamuzi huo haubatilishwi, kwa hiyo uandaliwe na wakili anayejua mifuko ya aina hiyo.

Vyeti kutoka nyumbani

VA huangalia kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa au walipokuwa wakiishi. Ndoa ya Kiislamu iliyofungwa Mombasa, ya kanisani Mwanza au ya kimila Kisii inaweza kukubalika, ilimradi ithibitike. Tatizo huwa ni uthibitisho. Kenya imetaka ndoa za kimila zisajiliwe tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, na ambaye hajasajili afanye hivyo mume akiwa hai. Kutafuta mashahidi wa mahari baada ya mazishi, huku ofisi iliyoko Marekani ikisubiri karatasi yenye muhuri, ni mateso ambayo hakuna mjane anayestahili. Majina nayo yafanane kwenye cheti cha ndoa, pasipoti na rekodi za jeshi. Mwanamke aliyeandikwa "Fatuma" mahali pamoja na "Fatma" mahali pengine atapoteza miezi.

Wenye wake zaidi ya mmoja wajue kwamba jeshi linamkinga mke mmoja tu. Watoto wa mke mwingine wanaweza kuingizwa kama watoto. Mama yao hawezi.

Mjane akirudi kuishi Afrika Mashariki, malipo yote mawili yanaweza kumfuata. Ila kama si raia wa Marekani na haishi huko, SBP yake huweza kukatwa kodi ya asilimia 30 kabla ya kumfikia, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. DIC haiguswi na makato hayo.

Baada ya msiba, mjane hupiga simu mbili tofauti, kwa sababu ofisi hizi mbili hazipashani habari. Ya kwanza DFAS, kuripoti kifo na kuanzisha SBP. Ya pili VA, kuomba DIC. Na humo ndimo adai pia malipo ya VA ya mwezi ule wa kifo, ambayo ni haki ya mke aliyeachwa. Maombi ya DIC yakifika ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo huhesabiwa kuanzia mwezi wa kifo. Yakichelewa, huhesabiwa tangu siku yalipopokelewa. Cheti cha kifo kinachotaja ugonjwa wa utumishi kama sababu, hata sababu ya pili, hubeba uzito mkubwa, kwa hiyo daktari aambiwe historia ya marehemu kabla hajakijaza. Baada ya Sheria ya PACT ya 2022, orodha ya maradhi yanayochukuliwa moja kwa moja kuwa yametokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kule Iraq na Afghanistan imekuwa ndefu. Mjane aliyekataliwa DIC kabla ya sheria hiyo anaruhusiwa kuomba upya.